Mkono Uliofinya Sabuni

4 februari

shemeji,

sisi huku kwa binti yetu hatujambo. dada yako anakusalimu na anasema ukimya wako sasa umezidi wa marehemu, maana marehemu angalau huja ndotoni.

nina ombi, na najua utacheka. nimekuwa nikiwaza juu ya rili. mtu akistaafu huachiwa muda mwingi, na mimi muda wangu wote umeingia kwenye kile kigurudumu kinachokunja mshipi. rili zote nilizowahi kuvulia zilikuwa na kasoro. moja ilikuwa ikila mshipi. nyingine ililia kama paka aliyebanwa na mlango. ya tatu unaijua mwenyewe, ilizama na fimbo yake huku wewe umekaa unapiga makofi.

sasa nataka unikerezee moja kamili, ya mwisho maishani. iwe nyepesi. bobini iwe pana, mshipi usipandane. breki ijishikilie yenyewe bila kusaidiwa na dole gumba. na isitoe sauti hata kidogo. sipendi watu wageuke kuniangalia.

julai nitakuja nikae na wazee pale kwenye ukuta wa bwawa kama zamani. sitaki kuja na kitu cha kubahatisha.

wako,
karani
(muhuri)

15 Februari

Bwana Karani, shemeji niliyechaguliwa na dada bila kuulizwa,

Kwanza nikuulize, huko mlikohamia herufi kubwa zimekwisha madukani? Maisha yako yote ulikuwa mpiga chapa wa ofisi, barua zako zikisimama wima kama askari wa gwaride. Leo hata Februari umeiandika kwa herufi ndogo kama jina la mbuzi. Na saini yako iko wapi? Ilikuwa na mkunjo mrefu kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Sasa umenigongea muhuri. Nimeigeuza karatasi mbele na nyuma nikidhani nadaiwa kodi.

Haya, tuje kwenye rili. Mimi shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alitaka nije kila siku, lakini barua yako nimeisoma mpaka chai ikaota ngozi. Mwili nitaukereza kwa alumini, nimepata kipande kizuri cha pistoni ya lori. Mhimili utatoka kwenye cherehani ya marehemu mama mkwe wangu, ambayo kama mwenyewe haikuwahi kupinda. Breki nitaiweka vipande vya ngozi vinavyobanana, na ngozi yenyewe ni ya viatu nilivyooea. Ndoa ilikatika, ngozi haijakatika, kwa hiyo tuamini ngozi.

Hilo la kutotoa sauti silipendi. Rili bubu ni hasara. Samaki anakuibia chambo na wewe umesinzia, na wewe, shemeji, husinzia hata ukiwa umesimama. Lakini mteja ni mfalme, hata mfalme akiwa karani.

Kimebaki kishikio. Unajua mimi kishikio sikipimi kwa rula, rula haina vidole. Chukua kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, kiloweke mpaka kilainike kama unga uliokandwa. Kikamate kwa mkono wako wa kulia, kaza kama umemshika samaki asiyetaka kwenda kwenu, halafu kianike kikauke, unitumie. Nitakereza mpingo ufuate kila kidole. Wateja wangu wote hupitia hapo. Yule muuza nyama aliniletea sabuni imekatika vipande viwili. Nikamwambia bwana, wewe utavua mifupa.

Wako katika grisi,
Cheche

2 machi

shemeji,

kitufe cha herufi kubwa kimeharibika. muhuri ni wa kuokoa muda.

sabuni hii hapa, imefungwa kwenye kitambaa isivunjike njiani. imekazwa kadiri ilivyowezekana.

ile ngozi ya viatu vya harusi, tafadhali ioshe kwanza. nilikuwepo siku ile na nakumbuka miguu yako.

karani
(muhuri)

20 Machi

Shemeji mwenye vidole laini,

Nilipofungua kifurushi nilidhani posta wamechanganya, wamenipa mzigo wa bibi arusi. Hebu niambie ukweli, ndio mkono huu? Huu ndio ule uliokuwa ukigonga mashine ya chapa mpaka majirani wanaomba amani? Vidole vyembamba, vimekaa taratibu, kile cha mwisho kimejitenga pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa. Sabuni haikufinywa, imebembelezwa. Kustaafu kumekufanyia nini, bwana? Unashinda unasuka nywele za wajukuu?

Raha haifai kuliwa peke yako. Jumamosi nikaitia mfukoni nikaenda nayo ukutani. Wazee wote walikuwepo. Nikawaambia, jamani, mwenzetu ametuma salamu za mkono. Ikapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Kinyozi akaipima kwenye kiganja chake, akasema, "Huu si mkono, huu ni barua ya mapenzi."

Yule dereva mstaafu akasema, "Samaki akishikwa na mkono huu hafi, anaomba arudi kesho."

Tumekupa jina jipya, shemeji. Unaitwa Mama Vidole. Na sabuni tumeiweka juu ya lile jiwe lako pale unapokaa, ikushikie nafasi mpaka Julai. Kila anayepita anaipa mkono.

Rili nayo imekwisha na inakuja na barua hii. Ni kazi nzuri, nasema mwenyewe kabla hujachelewa kusema. Kishikio nimekifuata kidole kwa kidole, mpaka kile kigeni cha pembeni. Haina sauti. Ukiizungusha unasikia mawazo yako tu, pole sana.

Cheche

18 Aprili

Kaka,

Barua hii nimeiandika mimi, mume wangu hajui.

Rili imefika. Niliifungua mezani, nikashika kishikio, kikanijaa kiganjani kama nilizaliwa nacho. Kisinijae kwa nini? Ni mkono wangu.

Novemba mume wangu alianguka bafuni. Ni kiharusi. Mguu umerudi, ulimi umerudi ingawa hujikwaa kwenye maneno marefu. Mkono wa kulia haukurudi. Upo mapajani, ukiuweka hapa unakaa hapa. Mimi nilikuandikia kwamba ana homa kwa sababu yeye alikuwa kitandani nyuma yangu akisema, "Andika homa."

Barua anazipiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Herufi kubwa inataka mmoja ushikilie huku, mwingine upige kule. Ndiyo maana februari yake imekuwa jina la mbuzi.

Nilimwambia, mwambie kaka akutengenezee ya mkono wa kushoto. Akanijibu, "Nikisema kushoto ataniuliza kwa nini." Basi mtu mzima na akili zake akaagiza kitu anachojua hatakitumia, ili wewe tu usiulize swali. Ulipotaka sabuni alikaa nayo jikoni asubuhi nzima. Nilimkuta anavikunja vidole vya kulia kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, anavikandamiza kwenye sabuni. Akikiachia kinafunguka. Anaanza tena. Nikaichukua nikaifinya mimi, nikamwambia itume.

Barua zako huzisoma mimi kwa sauti, anapenda ninavyokuigiza. Ile ya sabuni nilianza kuicheka kabla sijajua ninachokisoma. Nilipofika kwenye barua ya mapenzi nikaishusha karatasi. Akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka Mama Vidole, mpaka jiwe lake. Akasema, "Amefanya kazi nzuri," akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo hataki mazoezi ya mkono. Julai ukiitaja anageukia ukutani.

Sikugombezi, kaka. Utani ni wenu, mlipeana wenyewe. Ila mkono uliopitishwa pale bwawani ndio uliokuwa ukikufulia maovaroli ya gereji mpaka siku ulipooa. Kile kidole kigeni cha pembeni ulikuwa ukikivuta kila asubuhi kuniamsha. Nilidhani wewe ungekijua.

Dada yako

30 Aprili

Mheshimiwa Shemeji,

Salamu nyingi kwako na kwa familia yote.

Nimepata habari za ugonjwa wako na zimenisikitisha sana. Naomba radhi kwa maneno niliyoyaandika bila kujua hali yako. Nakuomba upumzike na ufuate ushauri wa daktari. Sabuni nimeiondoa. Rili unaweza kuirudisha wakati wowote utakapopata nafasi, usijisumbue.

Nakutakia afya njema.

Wako mtiifu,
Fundi

11 mei

shemeji,

barua yako imenitisha. niliisoma nikadhani nimekufa na hakuna aliyeniambia.

mheshimiwa. wako mtiifu. maneno hayo umeyatoa wapi, umeyakodi?

nikueleze kitu mara moja tu. daktari ananiita mzee wangu na anapandisha sauti kama nimekuwa kiziwi. binti ananikatia chakula vipande vidogo kabla sijaomba. wajukuu wanaambiwa shhh babu amepumzika, na mimi nimekaa macho makavu sijapumzika hata kidogo. duniani nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja ambaye bado ananitukana. ndiyo sababu sikukuambia. sikuogopa ucheke. niliogopa uache.

ile ya mama vidole iliniuma, sikatai. nilikwenda chumbani nikalia kama mtoto, na aibu ilikuwa ya mkono, haikuwa ya maneno yako. lakini kesho yake asubuhi nilikuwa bado mtu anayetaniwa. sasa umeniletea heshima. umenizika, shemeji, tena kwa adabu.

nilipouliza nani kakuambia, dada yako alisema ni yeye kabla sijamaliza kuuliza. sina ugomvi naye. rili ameichukua. anarushia ndoano kwenye beseni uani na kuku wanamkimbia.

julai siji. usiandike tena kama huna la kuandika.

karani
(muhuri)

22 Mei

Shemeji,

Nimeandika barua hii na kuichana, nikaandika na kuichana, mpaka fagio limechoka. Hii ikitoka mbaya utaisoma hivyo hivyo.

Mimi nimezeeka na aibu nilikuwa naijua kwa kuisikia tu, kama theluji. Sasa nimeiona. Dada aliponiandikia ule mkono ni wa nani, nilikaa kwenye kigoda cha karakana nikatazama kiganja changu. Miaka yote najisifu kwamba mimi nasoma mikono ya watu kwenye sabuni. Huyu ana hasira, huyu mvivu, huyu anamficha mkewe kitu. Ukaja mkono ulionilea, nikausoma ni mkono wa kubembeleza sabuni, nikaupeleka sokoni. Kisha nikakimbilia kukuandikia ile barua ya serikali. Ukweli ni kwamba niliinakili. Nina barua ya zamani ya kampuni ya bima, nikabadilisha majina. Ndiyo ujue nilivyokosa pa kushika.

Sabuni nilikwambia nimeiondoa. Nilidanganya, ilikuwa bado kwenye jiwe. Sikuwa na uso wa kwenda kuichukua. Jumamosi iliyopita nikajikokota. Wakaanza, "Mama Vidole hajambo?" Nikawaambia ni mkono wa dada yangu, na mwenye jiwe mkono wake umelala tangu Novemba. Kinyozi akaichukua ile sabuni kwa mikono miwili kama anashika kikombe kilichojaa, akanikabidhi bila kuniangalia. Nikarudi nayo nyumbani mkononi. Kuitia mfukoni nilishindwa.

Haya, pamoja na aibu yangu, umesema kama sina la kuandika nisiandike. Ninalo.

Huo mkono wako wa kulia unakula bure, unavalishwa, unaogeshwa, unashinda umelala mapajani, na kazi hakuna. Kwa maneno mengine umekuwa kama mimi. Siwezi kuvumilia wawili kwenye ukoo mmoja. Kwa hiyo lete sabuni mbili. Ya kushoto ikaze, ndiyo itakayozungusha, na rili ya kwanza ilikuwa ya kijinga, mwagizaji mjinga na fundi mjinga zaidi kwa kutouliza. Na ya kulia pia ilete. Mkono wa kulia nao ni mteja. Utakachoacha kwenye sabuni ndicho nitakachofanyia kazi, na dada asikusaidie. Safari hii nitamtambua.

Na Julai utakuja, Mama Vidole. Jina hilo sasa ni la dada, lakini nitakukodishia mpaka tukupatie jingine.

Cheche

6 juni

shemeji,

kampuni ya bima. nilijua.

sabuni mbili hizi hapa. ya kushoto haina maelezo.

ya kulia utadhani nimekutumia sabuni nzima kutoka dukani. niliilazia mkono tangu chai ya asubuhi mpaka jua likahama dirishani. nilikuwa nauambia kaza, kaza, kama ninavyomwambia mjukuu soma. usiitazame kwa mbele, ielekeze kwenye mwanga wa ubavuni. dada yako alikuwa uani na beseni lake, hakuigusa.

kama hakuna kitu, sema hakuna kitu. usiniandikie mheshimiwa.

nimefikiria lile la sauti. niliposema sitaki watu wageuke nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe unaijua sasa. weka mlio.

karani
(muhuri)

28 Juni

Karani mwenye mikono miwili,

Sabuni ya kushoto imenitia hofu. Umeikaza kwa hasira ya mtu anayefanya kazi ya wawili. Kishikio kimetoka kinene, na pale kwenye dole gumba nimeacha bonde ambalo unaweza kunywea maji.

Ya kulia niliiweka mezani, nikaitazama, nikasema shemeji amenitumia nikanawe. Kisha nikafanya ulivyosema. Nilisimama nayo mlangoni, jua likija la ubavuni. Nikaona. Viko vibonde vitatu, shemeji. Havina kina, ni kama mahali alipolala kifaranga akaondoka. Cha nne nilikitafuta kwa kucha, nusu kipo na nusu nadhani nilikitamani tu.

Nimekiweka chote. Chini ya rili, pale inapokaa kwenye fimbo, nimefunga kitanda cha mpingo, na kitanda hicho nimekichonga kwa sabuni yako ya kulia. Nilichonga kidogo, nikapapasa, nikachonga kidogo. Maishani mwangu sijawahi kufanya kazi ndefu kiasi hicho ili kutoa mbao kidogo kiasi hicho. Mkono wako utalala humo, na kamba hii ya ngozi (nimeiosha) utaufunga usiteleze. Kitako cha fimbo kitaingia kwenye mfuko wa mkanda wako. Samaki akivuta, wa kushoto unazungusha na wa kulia upo palepale, umeshika. Atakayesema haujashika aje aniambie mimi.

Breki nimeibana zaidi ya mara ya kwanza. Mlio nimeuweka, tena mkubwa. Niliujaribu karakana, mke wa jirani akatoka na ndoo akidhani maji ya bomba yamerudi.

Wazee wamesikia una sabuni mpya, wakataka niwaletee waione. Nimewakatalia. Nimewaambia mwenye mkono anakuja, mtamwona mwenyewe, na asiyeweza kumcheka vizuri abaki kwake.

Cheche

2 Agosti

Shemeji,

Nimeandika hii kwa kalamu, kwa mkono wa kushoto. Herufi kubwa hizo hapo, zihesabu. Nimeanza asubuhi, na dada yako amepita mara nyingi akijifanya anatafuta sindano.

Mliyoyaona ukutani Julai mliyaona. Samaki alipovuta, ile rili yako ilipiga ukelele kama mwizi aliyekamatwa na ukuta mzima ukageuka. Kinyozi, dereva, na hata wageni waliokuwa ng'ambo ya bwawa. Aibu ikanishika, shemeji, ile ile ya jikoni. Nikaiacha inishike. Sikuwa na mkono wa kuitoa, mmoja ulikuwa unazungusha na mwingine ulikuwa kitandani kwake. Ukasikika wewe ukisema, "Mtazameni, ameufunga mkono samaki asitoroke nao." Wakacheka wote. Sijacheka hivyo tangu Novemba, ndiyo maana samaki alichomoka. Usinilaumu mimi, lilaumu domo lako.

Dada yako alivua wawili kwa rili yake. Ananikumbusha kila tunapokaa kula.

Usichokiona nikuambie. Samaki alipovuta mara ya pili, kabla hajachomoka, kitu kilitikisika mle kitandani, chini ya kidole cha nne. Huenda ni fimbo. Fimbo hutikisika. Sijamwambia daktari wala dada yako, maana wataanza kuniangalia kwa matumaini, na hiyo ni mbaya kuliko huruma. Nimekuambia wewe kwa sababu najua utasema ni gesi.

Nimerudia mazoezi. Muhuri nimewapa wajukuu wachezee.

Saini hiyo hapo chini. Najua, ni mkia wa mbuzi. Wa ng'ombe uko njiani.

Karani